Treni ya Wavunaji

Kabla ya kufika Winnipeg choo cha behewa kilikuwa kimeshaziba, na baada ya Winnipeg hakuna aliyejali tena. Wanaume walijisaidia humo humo, juu ya mavi ya wenzao, na waliokuwa wavivu zaidi walifungua mlango wa nyuma wakakojolea reli, upepo ukawarudishia nusu. Maji ya chooni yalipita chini ya mlango. Treni ikifunga breki yalikuja mbele hadi kwenye viti, ikiondoka yalirudi yalikotoka, yakisukuma maganda ya mayai na mabonge ya tumbaku iliyokwisha kutafunwa.

Marcella Gillis alikaa dirishani, miguu ameipandisha juu ya begi lake, leso ameibana puani. Leso yenyewe nayo ilishaanza kunuka behewa. Hakuwa mtu wa kutishwa na uchafu. Alikuwa mke wa mchimba makaa ya mawe kutoka kisiwa cha Cape Breton, mashariki mwa Kanada. Alifua nguo za mgodini tangu usichana wake, alimsugua mumewe mgongo mweusi kila jioni, alitawaza watoto wanne. Lakini uchafu wa kazi una heshima yake. Huu wa humu ndani ulikuwa uchafu wa kupenda. Watu hawa makwao walikuwa wananawa kabla ya kula na kuvua kofia kanisani. Walipanda treni, wakaona hakuna mama, hakuna mke, hakuna padri, wakajiachia.

Kila mwezi wa nane treni hizi ziliwabeba wanaume wa mashariki kwenda kuvuna ngano ya mbugani. Mabehewa yalikuwa ya zamani, viti vya mbao tupu, jiko la makaa pembeni. Juu ya jiko hilo mtu alikuwa amening'iniza soksi zake zikauke, na chini ya soksi mwingine alikuwa anakaanga nyama ya nguruwe, jasho la soksi likidondoka kwenye kikaango na kuchachatika. Marcella aliona, akageuza uso. Wanawake wengine waliokuwa safarini walishukia Winnipeg; yeye alikuwa anaendelea magharibi, Saskatchewan, kuwapikia wapuraji. Mumewe, Hughie, alivunjwa nyonga na jiwe la mgodini wakati theluji ikiyeyuka, na mtu asiyeweza kusimama hawezi kulisha nyumba. Alimruhusu mkewe kwenda kwa sababu moja tu: angekuwa na Lauchie.

Lauchie alikuwa mdogo wake Hughie. Jiwe lile lilipoanguka, ndiye aliyemfukua kaka yake kwa mikono mitupu, mpaka kucha zikang'oka, naye akifukua huku akimtania ili asilale. Wilaya nzima ilimpenda. Alikuwa na sauti ya kuimba, na ulimi ambao ungemchekesha maiti. Marcella naye alimpenda shemeji yake, hilo lisemwe tangu sasa. Kwa miaka kumi na mitatu walikuwa wametaniana yeye na Lauchie bila kuchoka, na siku za taabu utani ule ulikuwa sawa na chakula.

"Shemeji, kula basi," Lauchie alimwambia, akimnyoshea kopo la dagaa. "Utafika huko umebaki mifupa, wakutumie kukorogea uji."

"Nile na harufu hii?"

"Harufu ipi? Mimi nasikia marashi tu." Akanyanyua mkono, akamsogezea kwapa. "Haya, nusa. Waridi tupu."

"Toka huko, mshenzi wewe!" Marcella alimpiga na leso, akacheka asipende.

Kiti cha mbele yao kilikaliwa na Fabian, jitu la kutoka migodi ile ile, shavu limevimba tumbaku. Fabian hakuwa na haja ya kopo la kutemea. Alitema mahali popote, na mchana ule alipoona kijana mmoja amelala kavua viatu, akalenga kiatu cha kushoto. Akatema tena. Behewa zima likasubiri. Kijana alipoamka akatia mguu, akautoa haraka, soksi inachuruzika maji ya kahawia, na kicheko kilichopasuka kingeng'oa paa. Lauchie alicheka mpaka akafuta machozi. Marcella hakucheka. Alitazama nje, ambako ngano ilikuwa imesimama mpaka ukingoni mwa mbingu, safi, haina mtu, na akatamani treni isimame amwagwe huko kama gunia.

Kilichomshangaza ni stesheni. Kila mji mdogo waliposimama ulikuwa umefungwa. Maduka yameshushwa mbao, hoteli ina kufuli, hata mbwa hayupo. Watu wenye njaa waliruka kutoka kwenye treni, wakagonga milango, wakatukana, wakarudi. Mahali pamoja Marcella alimwona mama amesimama nyuma ya uzio na mtoto. Mama yule alimvuta mtoto karibu, akaziba pua yake, kisha akaziba na ya mtoto.

"Watu gani hawa?" Marcella alisema kwa uchungu. "Tumekuja kuwavunia ngano yao, hata mkate hawatuuzii?"

"Wanatuonea kinyaa," Lauchie alisema. "Tena sisi, wazuri namna hii."

Alitania, lakini taya lake lilikuwa limekaza. Mkate wao mzuri uliisha jana, na uliobaki ulikuwa umeota ukungu. Chupa ya wiski ilikuwa inazunguka badala ya chakula.

Alasiri wakafika Ardell. Palikuwa na tangi la maji, maghala mawili marefu ya ngano, na barabara moja ya vumbi. Injini ilihitaji maji, na ilibidi wangoje treni nyingine ipite. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa kama kwingine, isipokuwa moja. Mkahawa ulio mkabala na stesheni mlango wake ulikuwa wazi, moshi unatoka bombani, na harufu ya vitu vinavyookwa ilivuka barabara ikaingia ndani ya behewa. Watu wote wakainua pua, wakinusa.

"Mungu mkubwa," Fabian alisema, na mabehewa yote yakamwaga watu.

"Kaa hapo hapo, shemeji," Lauchie alimwambia Marcella. "Nakuletea kitu cha moto."

Marcella alikaa. Alimsikia mtu akicheka kule, kisha wengi. Alisikia sahani moja ikivunjika, akasema moyoni bahati mbaya hiyo. Halafu alisikia nyingi kwa mpigo, na kelele ya shangwe kama ya watu waliofunga bao. Hakwenda kuangalia. Alijiambia kuwa ni wanaume wana njaa, na mahali penye njaa hapakosi fujo.

Lauchie alirudi na pai chini ya koti, bado katika bati lake, ya moto. Ndani mlikuwa na matunda ya porini ya rangi ya zambarau, yale yanayoota kando ya mito ya huko. Marcella hakuuliza kitu. Tangu jana asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni. Alichota kwa vidole, akajaza mdomo, sukari na siagi vikamteremka kooni, akafumba macho. Alikula kama mnyama, na ilikuwa tamu kuliko pai yoyote aliyowahi kula au kupika.

Alipofumbua macho, behewa lilikuwa limejaa tena. Watu walikuwa na mapaja ya nguruwe, mikate, ndoo ya mayai, saa ya ukutani. Lauchie alikuwa amesimama juu ya kiti, amejifunga aproni nyeupe.

"Mwenye mkahawa alikuwa hivi," aliwaambia, na akapiga magoti juu ya kiti, akakutanisha viganja, akaifanya sauti yake nyembamba: "'Mabwana, tafadhali mabwana, mabwana...'"

Watu wakavunjika mbavu.

"Fabian akamshika, mimi nikammwagia unga. Debe zima! Mweupe pee, mpaka kope. Nikamwambia, haya Mchina, sasa na wewe mweupe, nenda kapige kura, hawatakukataza tena!"

Hata aliyetemewa kiatuni alicheka, tena yeye zaidi, kwa furaha ya kuwa safari hii si yeye. Lauchie aliendelea kuiga. Alikuwa mwigaji hodari. Alipojifanya mtu anayejifuta macho yaliyojaa unga huku akitafuta meza kwa kupapasa, Marcella alimwona yule mtu waziwazi kana kwamba yumo humo behewani. Alivitazama vidole vyake. Vilikuwa vya zambarau mpaka kwenye kucha.

"Hukulipa," alisema.

"Nimlipe nani, shemeji? Alikuwa haoni!"

Marcella aliinama, na pai yote ikatoka, ikamwagika katikati ya yale maji ya chooni.

"Ala!" Fabian alisema. "Mama naye kachangia." Kicheko tena.

Marcella alijifuta mdomo kwa kiganja. Alichukua begi lake, akachukua bati la pai, akapita katikati ya magoti yao hadi mlangoni. Lauchie alimkimbilia ngazini, aproni ingali kiunoni.

"Unakwenda wapi?"

"Nashuka."

"Hapa? Hapa hakuna kitu! Shemeji, ulikuwa utani tu."

"Utani ni mimi na wewe. Yule si shemeji yako."

"Kelele za nini sasa? Tumbo likitulia mwenyewe utacheka." Akamshika mkono.

"Usiniguse," alisema Marcella, na hakuwa amepaza sauti. Alikuwa ameitazama ile mikono, mikono iliyomtoa Hughie chini ya jiwe. Kucha zilikuwa zimeota upya, vipande vipande, na unga ulikuwa umeganda chini yake.

"Hughie akiniuliza nitamwambia nini?"

"Mwambie ulivyomwaga unga. Mfanyie na sauti."

Hapo uso wa Lauchie ulibadilika. Filimbi ikalia. Fabian alimwita kutoka ndani, "Lauchie, panda! Waachie wanawake mambo yao!" Lauchie alimtazama Marcella, akatazama mlango, akamtazama tena. Treni ilipoanza kusogea, alipanda.

Mke wa mkuu wa stesheni, Bi Prewitt, alikuwa anafungua mbao za madirisha. Alimletea Marcella maji katika kikombe cha bati kilichotundikwa nje, karibu na birika la kunyweshea farasi, akasimama mbali wakati akinywa.

"Pole, dada, umesafiri na wanyama," alisema. "Sisi tulipata habari tangu asubuhi. Mume wangu aliwapigia simu wote. Duka limefunga, hoteli imefunga, hata kinyozi."

"Na mwenye mkahawa?"

"Charlie?" Wenye mikahawa wa Kichina mbuga nzima waliitwa Charlie. Bi Prewitt alicheka kidogo, akatengeneza nywele zake. "Aa, huyo hatukumwambia. Lazima wapate pa kwenda, au vipi? Wasingepata kwake wangevunja kwetu."

Alikuwa mwanamke nadhifu, aproni imepigwa pasi, mikono inanukia sabuni ya maua. Lakini kwa Marcella alinuka behewa lile lile. Alirudisha kikombe, akasahau kushukuru.

Mkahawani vioo vya kabati vilikuwa sakafuni, pamoja na mayai, supu, na vigae vya sahani, na juu ya yote unga. Kuna mtu alikuwa amekojoa kando ya kaunta. Mwenye mkahawa, mtu mwembamba wa makamo, alikuwa anafagia. Alikuwa amenawa uso, lakini unga ulikuwa bado masikioni na kwenye mizizi ya nywele, umeloana ukawa kama ugali.

"Bwana Charlie," Marcella alianza, "nimekuja..."

"Mah," alisema yule mtu bila kuinua kichwa. "Mah Gim Wah."

"Bwana Mah. Nimekuja kukusaidia kufagia."

Hapo alimtazama. Alitazama begi, akatazama bati, akatazama mdomo wake, akautazama kwa muda.

"Ilikuwa nzuri?" aliuliza.

"Nini?"

"Pai."

Marcella alijiziba mdomo kwa mkono, lakini mkono nao ulikuwa wa zambarau. Alitaka kusema kwamba hakujua. Alitaka kusema kwamba aliitapika. Yote mawili yalikuwa kweli, na yote mawili yalimtia aibu, kwa sababu alizisikia sahani zikivunjika, akakaa.

"Nzuri sana," alisema mwishowe.

Mah alichukua bati kwa ncha za vidole. Alikwenda nalo jikoni, akamwaga maji ya moto, akalisugua kwa mchanga, akalisuuza, akaanza upya tena kulisugua, mgongo amempa mgeni. Marcella aliuona mgongo ule ukisugua, akafahamu kwamba kwa mtu huyu yeye alikuwa miongoni mwa yale yaliyomwagika sakafuni. Aliunyoshea mkono ufagio.

"Acha," Mah alisema. "Hapa ni kwangu. Ukitaka, njoo siku nyingine, kama mteja. Leo watu wa treni nimewachoka."

Marcella akatoka, akakaa kwenye benchi la stesheni. Hakulia. Alisugua vidole vyake kwa mchanga na mate mpaka vikawaka moto, na rangi haikutoka.

Jua lilikuwa bado juu alipofika mkulima mmoja wa Kinorwe, Torvald Aasen, na gari lake la farasi, kutafuta kama kuna mvunaji yeyote aliyeshuka. Alimkuta mwanamke.

"Wanaume wamekwenda wote?"

"Wote. Ukiwataka wafuate, ila ziba pua."

"Wewe unajua kupika?"

"Najua."

"Kwa watu wengi? Mke wangu ana mimba kubwa, na mashine ya kupura inakuja keshokutwa."

"Hata wawe wangapi, ilimradi wananawa mikono."

Aasen alicheka. "Watanawa," alisema, akapakia begi lake.

Walinawa. Marcella aliweka ndoo na sabuni mlangoni mwa kibanda cha kulia, akasimama hapo na mwiko, na mwanamume aliyepita bila kunawa alirudishwa mbele ya wenzake. Walimwita Jemadari. Aliwapikia vizuri, wakanenepa katikati ya kazi ya kukondesha, na kila alichopata alikituma nyumbani. Jumamosi alipokwenda mjini na akina Aasen, aliingia kwa Mah, akaagiza kahawa na viazi, akala, akalipa. Hakuagiza pai. Mah alimhudumia kama mteja yeyote, si zaidi. Siku moja tu alimwambia kwamba sahani mpya alizoagiza kutoka mji wa Regina zimefika nusu yake zimevunjika. "Hata treni ya mizigo inanichukia," alisema, na Marcella akacheka kabla ya kujiuliza kama anaruhusiwa. Mah hakucheka, lakini aliongeza kahawa.

Theluji ya kwanza ilipodondoka, Lauchie alikuja kumchukua stesheni ya Ardell. Alishuka kwenye treni ya kurudi mashariki amenyoa ndevu, kofia mpya, buti zinang'aa, na shingoni mwa Marcella akamvisha kitambaa cha hariri kabla hata hajasalimiwa.

"Umenona, shemeji! Hughie atadhani nimekubadilisha na ng'ombe wa huku."

Alikuwa Lauchie yule yule. Marcella aliona jinsi ambavyo ingekuwa rahisi kucheka, na nyumbani kulikuwa mbali, na watoto walimngoja.

"Mkahawa ule uko wazi," alisema. "Treni bado inajaza maji."

Lauchie aliangalia ng'ambo ya barabara. Kicheko kilimtoka usoni polepole. "Nikaseme nini?"

"Sijui. Si mimi niliyemwaga."

Alisimama. Akavua kofia, akaivaa. Kisha, na hili Marcella hakulitegemea, akaanza kutembea. Alivuka matope yaliyoganda, mabega ameyainua kama mtu anayeingia mgodini, na Marcella akaanza kutumaini. Alikuwa amefika katikati ya barabara Mah alipotoka kumwaga maji ya kuoshea vyombo. Mah alimwona mtu nadhifu mwenye kofia mpya anakuja kwake. Alitabasamu tabasamu la biashara, akamshikia mlango.

Lauchie alisimama hapo hapo. Aligusa ukingo wa kofia, akageuka, akarudi mbio mbio, na alipomfikia Marcella alikuwa anacheka, anapumua kwa raha ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Hata hanikumbuki! Umeona? Kanishikia mlango! Kumbe halikuwa jambo kubwa, shemeji, halikuwa jambo kubwa hata kidogo."

Marcella alimtazama. Kule ng'ambo Mah alikuwa bado ameshika mlango, baridi inaingia kwake. Akaufunga.

Marcella alikifungua kile kitambaa shingoni, akakikunja vizuri, maana kilikuwa cha thamani na hakikuwa na kosa, akamtilia Lauchie mfukoni mwa koti. Kisha akabeba begi lake mwenyewe, akapanda. Behewa la safari hii lilikuwa limefagiwa, lina viti vya kutosha, na Lauchie alimwekea nafasi ya dirishani, akaipangusa kwa kofia yake. Marcella alimpita. Alikwenda hadi mwisho wa behewa, ambako kibibi mmoja wa Kiukreni aliyejifunga shali, ananuka vitunguu saumu na moshi wa kuni, alikuwa amekaa peke yake na kapu lenye bata hai.

"Kuna mtu hapa, mama?"

Kibibi hakujua lugha yake, lakini alilishusha kapu sakafuni. Treni ilipoanza kwenda alitoa mkate mweusi kifuani, akaumega, akampa nusu. Marcella aliupokea kwa mikono miwili, akala.